Kiota cha Sultani Mkomwa

Hapo zamani, enzi ambazo mtu akitaka kujua saa huangalia kivuli chake na akitaka kujua habari humwuliza jirani, palikuwa na Sultani mmoja katika nchi ya vilima, jina lake Mkomwa. Bwana huyu alikuwa mnene wa mwili na mnene wa maneno, na akiingia mlangoni hukujua kipi kilitangulia. Aliamini kwamba hakuna kitu asichokijua. Ukimtajia mvua, atakueleza inavyotengenezwa. Ukimtajia mgonjwa, atakwambia siku atakayokufa. Na ukimtajia ndege, hapo ungejuta kufungua kinywa. Maana juu ya kiti chake alikuwa ametundika mdomo wa hondohondo, ule mdomo mkubwa wenye kofia ya pembe juu yake, na kwa kuwa aliketi chini ya mdomo wa ndege kila siku, alijihesabu amekwisha kumjua ndege mzima. Ni kama mtu aliyeokota kiatu njiani, akaenda kutangaza kwamba yeye na mwenye mguu ni marafiki.

Basi katika nchi hiyo palikuwa na kijiji kiitwacho Kwemkuyu, na watu wake walikuwa maskini wa kila kitu isipokuwa ngoma. Ngoma yao iliitwa kihondo, nayo waliiga kwa hondohondo. Kila mwaka, ndege wale walipoanza kuingia matunduni kutaga, watu wa Kwemkuyu nao walicheza, na mpaka kihondo kichezwe hapakuwa na mtu aliyethubutu kutia punje ya mtama ardhini. Wanaume kumi na mmoja walijifunga midomo ya mti mwepesi usoni, na kila mmoja nyungo mbili mikononi, wakazipunga hata zikavuma fwa, fwa, fwa, kama mbawa za hondohondo anapopita juu ya nyumba ukadhani paa linang'oka. Katikati ya uwanja husimamishwa jamvi, na nyuma ya jamvi huketi mwanamke mmoja, naye ndiye jike. Wale madume humwendea mmoja mmoja, wakiruka kwa ubavu, na kila mmoja humpenyezea tunda la mkuyu mdomoni kupitia tundu la jamvi. Akiisha kula kuyu la kumi na moja, jamvi huangushwa, wanawake hupiga vigelegele na kumwimbia kinda aliyezaliwa, kisha watu wakaenda kunywa uji. Yote hayo hayakuchukua muda wa chungu cha maharage kuiva.

Aliyeketi nyuma ya jamvi miaka thelathini mfululizo ni kikongwe mmoja mwembamba aitwaye Bi Sikudhani. Naye alikuwa na mtoto mmoja tu, Semkiwa, na huyu Semkiwa ndiye aliyekuwa aibu ya kijiji. Mali yake ilikuwa shuka moja, jembe hakuwa nalo, na hata angepewa asingejua upande wa kushika. Walimjaribu katika kihondo, akaruka mara moja, akamwangukia mpiga ngoma, ngoma ikapasuka, wakamfukuza. Tangu hapo kazi yake ikawa kulala chali chini ya mkuyu na kutazama ndege kutwa, miezi kwa miezi. Wenzake wakampa cheo, wakamwita Mlinzi wa Mawingu. Waliompa cheo hicho wote walikuwa na majembe, na wote, kama utakavyoona, hawakuwa na jingine.

Ikawa mwaka mmoja Sultani Mkomwa amejenga baraza mpya, nguzo zake zimechongwa, sakafu yake imesuguliwa hata unaona meno yako. Akaalika masultani wenzake watatu waje waisifu. Ili wageni wapate la kutazama baina ya sahani na sahani, akaagiza watu wa Kwemkuyu walete kihondo. Wakaja, wakasimamisha jamvi, wakapunga nyungo. Sasa wewe fikiria: wale masultani watatu waliposikia mvumo ule, wakaacha halua, wakaiacha baraza na nguzo zake, wakashuka uwanjani kusimama juani pamoja na wapishi na wachunga punda. Mmoja akavua pete akampa Bi Sikudhani. Juu barazani akabaki Sultani Mkomwa peke yake na sakafu yake.

Hilo hakuliweza. Akainuka, akapiga makofi.

"Simamisheni. Hii ni ngoma ya nani?"

"Ya hondohondo, bwana wetu," akajibu Bi Sikudhani kupitia tundu la jamvi, kuyu bado limo shavuni.

"Hondohondo namjua mimi. Hondohondo ana nyungo? Hondohondo anapigiwa ngoma? Mmezidisha mlipopenda, mmepunguza mlipochoka, kisha mkaniletea uongo mbele ya wageni wangu."

"Ni mchezo tu, bwana. Babu zetu ndivyo walivyoucheza."

"Basi babu zenu nao walikuwa waongo. Nawapa siku saba. Siku ya nane mtarudi hapa, mcheze kama hondohondo mwenyewe afanyavyo, pasipo kuzidisha wala kupunguza. Mkikosa jambo moja, ninyi kumi na wawili mtaingia katika shamba langu la miwa, nanyi hamtatoka humo mpaka mtolewe mmebebwa. Na midomo yenu ya mti itakwenda jikoni ikachochee moto."

Kila mtu katika nchi ile alilijua shamba la miwa la Sultani. Vijana wenye vifua kama milango waliingia humo wakalia mwezi wa kwanza. Bi Sikudhani, aliyekuwa mzito kama fagio, asingemaliza juma. Wakarudi Kwemkuyu, na mtama ukabaki ghalani, maana kihondo kilikuwa hakijaisha kuchezwa.

Kijijini wakaanza kufanya akili, na akili zao ndizo hizo za majembe. Mmoja akasema, ndege huruka, basi na turuke. Akapanda juu ya ghala, akajirusha. Kuruka aliruka vizuri, kutua ndiko kulikomshinda, mguu ukavimba kama kibuyu. Mwingine akakaa siku mbili akijifunza kulia kama hondohondo, mkewe akahamia kwa mama yake. Siku ya tatu wakawa wanagawana vyombo vyao kwa ndugu, kama watu waliokwisha kufa.

Siku hiyo Semkiwa akaja akakaa karibu na mama yake, aliyekuwa akifunga kibahasha chake cha ugoro tayari kwa safari.

"Mama, unajua hondohondo dume huwa na wake wangapi?"

"Mwanangu, mimi nakwenda kufia kwenye miwa, nawe waniuliza habari za ndege."

"Habari za ndege ndizo zinazokupeleka kwenye miwa. Basi na turudi kwa njia hiyo hiyo. Ana mmoja. Na huyo mmoja, akitaka kutaga, unajua afanyavyo?"

"Huingia tunduni."

"Akishaingia?"

Bi Sikudhani akaanza kukifungua kile kibahasha, akavuta ugoro kidogo, akapiga chafya. "Ewe mtoto," akasema, "kumbe ulikuwa hulali."

Kesho yake asubuhi Semkiwa akafika katika jumba la Sultani. Walinzi walipoiona shuka yake wakacheka, wakamruhusu apite ili na bwana wao acheke. Akapiga goti mbele ya kiti, chini ya ule mdomo wa hondohondo, na kando yake alikuwa amesimama Waziri Ngoda, mtu wa makamo, mwenye kusema machache na kusikia mengi.

"Wewe nawe ni mchezaji?" akauliza Sultani.

"La, bwana wangu. Mimi nilifukuzwa. Nimekuja kuuliza tu. Amri yako ni kubwa, nasi vichwa vyetu ni vidogo, tunachelea isije ikamwagika njiani."

"Uliza."

"Umesema tucheze kama ndege afanyavyo, pasipo kuzidisha wala kupunguza?"

"Ndivyo."

"Na ngoma ikiisha kuanza, akatokea mtu akaivunja kabla ndege hajamaliza yake? Tuseme mlevi ameingia uwanjani, au askari amechoka kusimama?"

"Naye aende kwenye miwa."

"Hata akiwa mkubwa, bwana?"

"Hata awe Waziri huyu."

Waziri Ngoda akakohoa kidogo.

"Hapo nimeridhika," akasema Semkiwa. "Juu ya Waziri nisipande, maana huko yuko mmoja tu, na huyo amri haimgusi."

Sultani akakunja uso. "Nani amekwambia haimgusi? Neno langu ni neno. Hata ningeivunja mimi, ningeingia kwenye miwa."

"Naam, bwana. Ila nikilifikisha hilo kijijini watasema Semkiwa amelewa."

Ikamchoma, na hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Sultani akaagiza mbiu ipigwe nchi nzima, kwamba ngoma ya hondohondo itachezwa kama ndege afanyavyo, na mwenye kuivunja kabla ya wakati, awe nani awaye, hata Sultani mwenyewe, adhabu yake ni miwa. Akaapa kwa kaburi la baba yake, Waziri akaandika, ikatiwa muhuri. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini fukara wa shuka moja anahangaikia maneno kiasi hicho. Lakini Sultani alikuwa anasikiliza sauti yake mwenyewe, na sauti yake ilikuwa inampendeza.

"Limebaki jambo dogo la kiti," akasema Semkiwa.

"Kiti gani?"

"Cha jike. Kwa hondohondo, bwana wangu, mkubwa ni jike. Yeye huketi ndani ya mti. Hatoki, hafanyi kazi, hasumbuki. Dume hutoka jasho kwa ajili yake, na kila kitu huletwa mpaka kinywani pake. Bila yeye kuketi hapana ngoma. Sasa katika uwanja wako upo ule mvule wenye pango shinani, wanamoweka mikuki. Tumeonelea mama yangu aketi humo."

"Na mimi?"

"Wewe, bwana, utatazama. Pana kivuli kizuri pale karibu na mapipa ya maji."

"Kikongwe wa Kwemkuyu aketi ndani ya mti wangu, alishwe, nami nisimame kwenye mapipa?"

"Ndivyo ndege alivyo."

"Ndege namjua. Nitaketi mimi."

Semkiwa akainamisha kichwa hata paji likagusa sakafu. "Bwana wangu, nakusihi, usiketi. Si kiti chepesi. Mama yangu amekizoea."

"Amezoea nini, kuketi? Mimi nimeketi tangu nilipozaliwa."

"Hilo, bwana, hakuna anayelipinga."

Waziri Ngoda alikuwa amezaliwa kijijini, na utotoni alikuwa amepanda miti kuiba mayai ya hondohondo. Akamtazama Semkiwa. Akafungua kinywa amwambie bwana wake jambo, halafu akakumbuka yale maneno, "hata awe Waziri huyu," akakifunga kinywa chake taratibu.

Siku ya nane ikafika. Sultani alikuwa amewarudisha wale wageni watatu waje waone watu wa Kwemkuyu wanavyofedheheka. Akavaa joho la nyuzi za dhahabu, akapiga kilemba cha mikunjo saba, akajifunga jambia, akaingia katika pango la mvule kwa kinyumenyume, maana kwa mbele tumbo lilikataa. Akaketi humo, akatabasamu. Yule mtu akitabasamu ungedhani ameuza mvua.

"Anzeni."

Semkiwa akafanya ishara. Wakaja wanaume wawili na makarai ya tope, wakaanza kuziba mlango wa pango kwa fito na tope, shap shap, kama wanaokandika kibanda cha mbuzi.

"Nini hiki?" akauliza Sultani.

"Ukuta, bwana wangu. Jike wa hondohondo akiingia hujiziba. Huacha ufa tu, kiasi cha mdomo kupita."

Sultani alikuwa hajui. Lakini atasemaje hajui, na wageni watatu wamesimama pale? "Ndiyo," akasema. "Nilikuwa nangoja kuona kama mtakumbuka."

Tope likapanda kifuani, likapanda shingoni. Likabaki pengo dogo usawa wa midomo.

"Semkiwa. Harufu hii ni ya nini?"

"Hapo, bwana wangu, ndipo tunapoomba radhi. Ndege huyu hujiziba kwa tope na kinyesi chake mwenyewe. Sisi kwa heshima tumeanza kwa cha ng'ombe. Lakini amri imesema tusipunguze, kwa hiyo cha ndege nacho tunakingojea, wakati wowote utakapokuwa tayari."

Mmoja wa wageni akatazama juu mbinguni kana kwamba kuna kitu huko.

"Chezeni," ikasema sauti ya ndani.

Basi wanaume kumi wakaketi chini.

"Mbona sisikii nyungo? Mbona hamna ngoma?"

"Ndege hana nyungo, bwana, wala hapigiwi ngoma. Ulitufundisha mwenyewe. Na dume ni mmoja, wale kumi walikuwa kuzidisha. Wa kumi na mmoja ana mguu mbovu tangu aliporuka kutoka ghalani. Kwa hiyo dume ni mimi."

Ikawa Semkiwa, aliyefukuzwa ngomani, akafunga mdomo wa mti usoni, akaja akirukaruka kwa ubavu, vibaya kama zamani, akijikwaa na shuka yake, akampenyezea Sultani kuyu moja kupitia ufa. Lilikuwa limeiva, tamu. Sultani akala. Semkiwa akaondoka kwenda porini, akakaa huko kitambo kirefu, maana dume hutafuta mbali. Uwanja mzima ukangoja pasipo sauti. Akarudi na panzi.

"Hiki sili."

"Jike asipokula, bwana, dume huondoka na ngoma hufa. Na mwenye kuiua kabla ya wakati amri imemtaja."

Ikasikika sauti ya kitu kikivunjika, kama mtu anayekanyaga majani makavu.

"Anatafuna," akasema mgeni wa kwanza.

"Na miguu yake," akasema wa pili.

Semkiwa akaenda, akarudi. "Sasa manyoya, bwana wangu."

"Manyoya gani?"

"Jike akiisha kujifungia hunyonyoka mbawa na mkia wote, asiweze kuruka hata akitaka. Ndivyo alivyo."

Kikatoka kilemba, mkunjo baada ya mkunjo, kama utumbo wa samaki. Likatoka jambia. Likatoka joho, likikwama na kuvutwa, na Bi Sikudhani akalipokea, akalikung'uta, akalikunja juu ya magoti yake. "Kumbe zito hivi," akasema. "Maskini, amekuwa akibeba yote haya."

Jua likapanda. Wapishi wakaleta pilau ya wageni, na upepo, ambao hauna adabu kwa mtu yeyote, ukaipeleka harufu moja kwa moja kwenye ufa. Huko ndani Sultani akaanza kufanya hesabu ambayo alipaswa kuifanya siku saba kabla.

"Semkiwa."

"Labeka, bwana wangu."

"Ndege huyu hutoka lini?"

"Hakawii. Miezi mitatu. Akijivuta, minne."

Pale ufani hata pumzi ikakatika.

"Mpaka makinda waote manyoya," akaeleza Semkiwa kwa upole. "Lakini hilo lisikusumbue, kwanza yatangulie mayai."

"Mayai gani?"

"Hapo, bwana, wa kutujulisha ni wewe. Wewe ndiye unayemjua ndege huyu."

Sultani wa tatu, mzee mwenye ndevu za heshima, akakaa chini kwenye vumbi, akafunika uso kwa kilemba, mabega yakawa yanamtikisika.

"Askari," ikanguruma sauti ya ndani. "Vunjeni ukuta huu."

Askari wakasogea hatua moja. Waziri Ngoda akakunjua karatasi yake, akasoma kwa sauti ya kusalia: mwenye kuivunja ngoma kabla ya wakati, awe nani awaye. Askari wakaitazama mikono yao, wakaiona imeshika majembe katikati ya miwa, wakarudi nyuma hatua mbili.

"Waziri, vunja wewe."

"Bwana wangu," akasema Waziri, "uliponitaja katika amri yako nilihuzunika. Leo ndipo naona ulikuwa unanitakia heri, maana umenionya mapema."

Na ukuta wenyewe, ndugu yangu, tope lake lilikuwa halijakauka. Mbuzi angeuegemea ungeanguka. Mle ndani alimokuwa Sultani, teke moja tu lingemtoa. Lakini alikuwa ameapa kwa kaburi la baba yake, wageni watatu wanasikia, nchi nzima imepigiwa mbiu, na mtu aliyezoea kuwa neno lake ni neno hajui namna ya kulitoka. Wapo wanaosimulia kwamba alikaa humo siku tatu. Wanaongeza chumvi. Alikaa tangu asubuhi hadi alasiri, na kwa mtu wa aina ile inatosha kabisa. Alikula panzi wanne. Alikula jongoo mmoja, akamrudisha, akakumbushwa amri, akamla tena. Nzi nao walikuwa wameusikia mwaliko wa kinyesi, wakaingia bila kupiga hodi.

Alasiri Semkiwa akatoka porini akirukaruka, na kwenye ncha ya ule mdomo wa mti ananing'inia mjusi, hai, mkia unachezacheza. Akausogeza ufani. Mjusi akamtazama Sultani. Sultani akamtazama mjusi.

"Ngoma hii haifai," akasema Sultani.

"Ni ile uliyoiamuru, bwana wangu."

"Naiondoa amri."

"Naam. Ila nikilifikisha hilo kijijini watasema Semkiwa amelewa."

Ndani mle pakasikika mtu anayesaga meno, na safari hii hakuwa na panzi. "Mwite mpiga mbiu."

Mpiga mbiu akaja, akaipuliza, watu wakajaa mpaka juu ya kuta. Sultani Mkomwa akaitoa midomo yake ufani, mikavu, ina vumbi na bawa moja la panzi limenata pembeni, na hiyo midomo ndiyo kitu pekee cha enzi kilichoonekana siku hiyo. Ikasema:

"Mimi Mkomwa nilisema ndege huyu namjua." Mjusi akatikisa mkia. "Simjui. Watu wa Kwemkuyu wacheze ngoma yao wapendavyo, wazidishe, wapunguze, asiwepo wa kuwauliza. Amri yangu ya kwanza imekufa."

"Na miwa, bwana?" akauliza Semkiwa.

"Miwa wasiilime."

"Wala wasionje?"

"Wakaile. Waimalize. Nitoeni."

Basi Bi Sikudhani akaliweka lile joho chini, akasogea, akaugusa ukuta kwa kiganja chake kimoja, kile kile chembamba, ukuta ukaporomoka wote kwa mara moja. Akatoka mtu mnene amevaa kikoi tu, kichwa kimejaa kinyesi cha ng'ombe, anapepesa macho kwa mwanga, amefungua kinywa. Hapakuwa na mtu aliyepanga la kufuata. Ila wanawake wa Kwemkuyu walikuwa wamefanya jambo lile lile miaka thelathini kila jamvi lilipoanguka, na hapo ulimi hauulizi ruhusa. Vigelegele vikapasuka uwanja mzima, wakaanza kumwimbia kinda:

*Katoka, katoka, hana unyoya,*
*mfunikeni asipigwe na upepo.*

Hata wageni wakaitikia. Sultani akataka kukasirika, lakini kukasirika kwataka nguo. Bi Sikudhani akamtupia joho mabegani, akalifunga kifuani kama mama anayemfunika mtoto aliyetoka kuoga.

"Vaa, mwanangu," akasema. "Ulikuwa jike mzuri. Ila umetafuna sana, sisi huwa tunameza."

Yasemekana hapo ndipo Sultani alipocheka, kicheko kidogo kibaya, cha mtu anayejua kwamba asipocheka yeye watacheka wengine mpaka kesho. Akapanda barazani na matope yake juu ya ile sakafu iliyosuguliwa, akauangua mdomo wa hondohondo juu ya kiti chake, akamkabidhi Semkiwa, akasema, "Chukua. Kila nikiutazama nitasikia ladha." Semkiwa akautwaa, akauvaa papo hapo, akajikwaa akitoka.

Kesho yake Kwemkuyu wakacheza kihondo chao kwa nyungo na kwa ngoma, kumi kwa mguu mzima na mmoja akichechemea, na keshokutwa yake mtama ukaingia ardhini. Semkiwa hawakumruhusu kucheza. Walimpa jembe kwa heshima, akaliegemeza kwenye mkuyu, akalala chini yake.

Na mimi ninayekusimulia, mwaka huu wakati wa kupanda nilikwenda kutazama. Madume wanakuja kwa ubavu, nyungo zinavuma, jike anakula makuyu yake. La kumi na moja likiisha, jamvi haliangushwi kwanza. Jike huitoa midomo yake kwenye tundu, akaisogeza mbele kama mtu aliyenusa kitu, akasema kwa sauti nene, "Simjui." Ndipo jamvi linapoanguka. Hondohondo hafanyi hivyo hata siku moja. Ni kuzidisha kutupu, na hajapatikana bado sultani wa kuuliza.